Bibi wa Mlangoni na Gemu la Pili

Gemu la pili halijatoka. Naanza na hilo ili mtu asisome hadi mwisho akitegemea kuambiwa kwamba lilitoka, likawa zuri, tukalicheza tukafurahi. Wanaolitengeneza walitangaza kwamba linakuja, kisha wakanyamaza, kisha wakatangaza tena, kisha wakaomba radhi. Miaka imekatika hivyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na tabia yao hiyo imenichosha, lakini bado kila asubuhi nikitoka kazini, kabla hata sijavua viatu, nafungua simu kuangalia kama wamesema neno.

La kwanza hatukulinunua, tulilikuta. Kompyuta ilikuwa ya Mfilipino mmoja aliyelala kwenye kona ya chumba chetu pale Rashidiya, Dubai, na siku alipomaliza mkataba wake aliiacha juu ya kabati pamoja na sufuria ya wali na kandambili. Kioo kilikuwa na ufa pembeni na waya wa chaji umezungushiwa utepe mweusi mara tatu. Ndani mlikuwa na picha za harusi ya watu tusiowajua, ambazo hatukuthubutu kuzifuta, na gemu moja.

Ninaposema tulilikuta, nasema mimi na mwenzangu wa kitanda. Tulikodi kitanda kimoja watu wawili, kwa zamu. Mimi nilifanya kazi usiku kwenye ghala moja la Freezone, eneo la biashara la uwanja wa ndege, kazi ya kuimulika mizigo kwa mashine ya kusoma namba na kuipanga. Yeye alisafisha ofisi mchana. Basi langu lilinishusha kwenye kona ya msikiti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na lake lilimchukua saa moja kamili kwenye kona hiyo hiyo. Jioni mambo yaligeuka, yeye anashuka na mimi napanda. Kila mmoja alikuwa na shuka lake na foronya yake. Nilipoingia chumbani asubuhi shuka lake lilikuwa limeshakunjwa na kutundikwa msumarini, nami nilitandika langu juu ya godoro ambalo bado lilikuwa na joto lake.

Alikuwa mtu wa Tanga, amenizidi miaka sita, kwa hiyo yeye nilimwita dada na yeye aliniita mdogo wangu. Mimi ni wa Kitale. Kama tungekutana kwetu au kwao tungesalimiana na kupita. Hapa tulikuwa tunajuana hadi harufu ya sabuni, na kwa siku tulionana labda nusu saa, wima, kwenye kona, mmoja ana usingizi na mwingine anachelewa.

Gemu lenyewe ni la nchi ya mabwawa na minara iliyobomoka, yenye wachawi, majitu, na mfalme mgonjwa ambaye kila mtu anakitaka kiti chake. Unamuunda mtu wako, unamvalisha, unamtuma duniani. Anaongea na watu, anapewa kazi, anapigana, anakuwa hodari. Wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye kovu shavuni. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja na kitanda kimoja, tuliona na mtu awe mmoja. Mwenzangu alimcheza jioni akishaoga na kula, halafu akahifadhi mahali alipofika. Asubuhi mimi nilimchukua hapo hapo nikaendelea mpaka macho yakakataa. Mahali hapo palipohifadhiwa wachezaji hupaita sevu. Sevu yetu ilitoka mkononi mwake ikaja mkononi mwangu, ikarudi, kila siku, bila sisi kukaa pamoja mbele ya kioo.

Ningependa kusema tulielewana, lakini hatukuelewana hata kidogo. Mimi nikiona jitu natoa upanga. Yeye alitaka kwanza kujua jitu lina shida gani. Nilikuwa namwacha mwanamke wetu mbele ya lango la ngome, tayari kwa vita, kesho yake namkuta sokoni, silaha hana, mkoba umejaa mitishamba. Asubuhi inayofuata nikashuka kwenye basi nikiwa nimeshafura.

"Dada, upanga uko wapi?"

"Nimeuuza, mdogo wangu. Yule mama muuza ngozi ana mtoto mgonjwa, dawa hana."

"Huyo mama ni kompyuta. Hana mtoto."

"Wewe ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Watu wa kwenye gemu wakianza kuongea, mimi hubonyeza kile kitufe kirefu cha chini, maneno yanaruka, nafika kwenye kazi. Ndivyo nilivyo hata ghalani, na ndiyo maana mabosi walinipenda. Mwenzangu alisoma kila neno kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, midomo ikicheza, na lile lisilomwingia alilitafuta kwenye simu. Kazi niliyoimaliza mimi asubuhi moja, yeye ilimchukua wiki.

Kuna jambo moja lililofanya gemu hili liishi miaka yote hii. Waliolitengeneza waliacha mlango wazi. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kutengeneza kipande chake, akakipachika ndani ya gemu kana kwamba kilizaliwa humo. Vipande hivyo huitwa modi. Kuna modi ya kuongeza mvua, ya kuwavisha farasi nguo, ya kumwotesha mfalme ndevu. Mimi nilikuwa nimepachika kama kumi hivi bila kujua zinafanyaje kazi. Mwenzangu alijifunza kutengeneza. Saa ya chakula alikaa kwenye ngazi za dharura za jengo alilosafisha, akitazama video za jamaa mmoja aliyefundisha hatua kwa hatua, na mambo yote akayaandika kwa kalamu kwenye daftari la shule alilolifunika kwa plastiki. Jioni alilifungua daftari kando ya kompyuta. Hakuniambia anatengeneza nini.

Asubuhi moja nikaifungua sevu nikakuta mwanamke wetu yuko nyumbani, mbele ya kijumba chake cha ndani ya gemu, kando ya daraja. Mlangoni palikuwa na kiti ambacho siku zote kilikuwa kitupu. Siku hiyo kilikaliwa na kizee cha kike kilichojifunga kanga, kanga yenyewe imepakwa vibaya, mabaka mekundu tu. Nikamsogelea. Maneno yakatokea chini ya kioo, kwa Kiswahili.

"Umefika? Pole na kazi. Umekula?"

Nilicheka peke yangu kwenye chumba walimolala watu watatu. Nchi nzima ile ya mabwawa watu wanaongea Kiingereza cha wafalme, na kila anayekusemesha anataka umfanyie jambo. Ghalani nako ni yalla, yalla, haraka haraka, usiku kucha. Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa na mtu kama nimekula bila kuwa na haja nyuma yake. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

"Nimemwona nyanya yako," nilimwambia kwenye kona kesho yake.

"Nyanya ni za mchuzi. Yule ni bibi."

"Kwetu bibi ni mke wa mtu."

"Basi kwenu mna shida," akasema, akapanda basi akiwa anacheka.

Tangu hapo bibi hakukosa neno. Kila baada ya siku mbili tatu alikuwa na jipya. Alisema mkebe wa maziwa uko nyuma ya mchele. Aliuliza kama mguu wangu bado unauma. Alisema jana waliingia watu wa kukagua msongamano vyumbani, kama wakirudi tuwaambie sisi ni binamu na mmoja ni mgeni. Aliniambia nisiuze mitishamba. Mambo ambayo mwenzangu angeweza kuniandikia kwenye simu kwa nusu dakika, aliyapitisha kwa kizee yule, akatumia saa nzima. Nilimshauri aiweke modi ile mtandaoni watu wengine waichukue, kwa kuwa sikuwahi kusikia gemu lile lina hata neno moja la Kiswahili.

"Watu wa nini?" akasema. "Yule ni wetu."

Sasa nikiri jambo. Nilizoea. Mwezi wa kwanza nilimsikiliza bibi hadi mwisho, wa pili nilimsikiliza nusu, na baadaye nikawa nampita na kile kitufe kirefu kama nilivyowapita wengine, kwa sababu nilikuwa na usingizi na ngome ilikuwa inanisubiri. Mwenzangu alijua. Alikuwa ananitega kwenye kona, ananiuliza bibi kasema nini leo, nami najibu kwamba ameniuliza kama nimekula. Anasema hilo siyo la leo. Hakukasirika, na kutokukasirika kwake kulinifanya nisibadilike.

Tangazo la gemu la pili tulilitazama pamoja, kwenye kona ile, kwenye simu yake, kila mmoja na sikio moja la earphone. Halikufika dakika mbili. Ulionekana mlima, theluji, mtu anapanda amegeuza mgongo, kengele inalia mara moja. Halafu likaandikwa jina la gemu na namba mbili. Mwenzangu alinishika kifundo cha mkono akakibana. Ndege zilipita juu kama kawaida, basi lake likapiga honi, dereva akamwambia yalla madam, na yeye hakusogea mpaka kioo kikawa cheusi.

Tuliweka agano asubuhi ile. Gemu la kwanza tulikuwa tumebakiza kazi moja tu, ile ya mwisho, ya kumfikia mfalme. Nilitaka tuimalize wiki hiyo hiyo. Yeye akakataa.

"Tuibakishe. Tukijua siku la pili linatoka, tunaimaliza siku moja kabla, tuko wote wawili, halafu tunavuka pamoja."

"Na kama wakichukua miaka mitano?"

"Tuna haraka ya kwenda wapi?"

Nilikubali shingo upande. Kwa hiyo mwanamke wetu akabaki anazurura kwenye nchi ambayo alikuwa ameshaimaliza karibu yote, anachuma mitishamba, anarudi nyumbani, bibi anampokea. Wale watengenezaji wakawa kimya. Kila mwisho wa mwaka tuliambizana mwakani, inshallah, hata mimi niliyelelewa kanisani nikasema inshallah.

Nilianza kuona viatu vyake. Alikuwa mtu nadhifu, lakini akawa anakuja kwenye kona amekanyaga visigino vya viatu, miguu imejaa haiingii. Nikamwambia aende hospitali, akasema ni kusimama sana. Uso nao ukaanza kuvimba asubuhi. Alipokwenda waliangalia figo, na maneno aliyorudi nayo yalikuwa marefu, ila macho yake yaliniambia mapema. Msimamizi wake alimwambia apumzike kwao kwanza, apate matibabu, akipona atarudi. Viza ikafutwa, khalas, imekwisha. Alipewa wiki mbili tu awe ameondoka.

Siku yake ya mwisho ya kukaa chumbani ilikuwa ya mapumziko. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, kompyuta mapajani, daftari pembeni. Nikajilaza nyuma ya mgongo wake. Nilisinzia na kuamka mara kadhaa, na kila nikiamka nasikia vidole vyake vinagonga polepole.

"Unafanya nini na wewe unaumwa?"

"Nampa bibi maneno ya akiba. Lala."

Nililala. Jioni nilimsindikiza hadi kwenye gari lililompeleka uwanja wa ndege, mwendo wa dakika chache tu kutoka pale. Tukakumbatiana barabarani. Aliniambia nisiue kila mtu. Nikamwambia arudi upesi kabla la pili halijatoka. Aliitikia haraka mno, na nikachagua kuamini alivyoitikia.

Zamu yake ya kitanda akaichukua mtu mwingine, dada wa Kiganda mpole asiyejua habari za magemu. Mimi na mwenzangu tukawa watu wa ujumbe wa sauti. Alikuwa anapelekwa kusafishwa damu, anarudi, analala. Alinisimulia habari hizo bila kuzitilia chumvi, halafu bila kupumzika anauliza: wamesema kitu? Nami namjibu bado. Naamini tulikuwa tunaulizana jambo lingine kabisa, lakini hilo la gemu ndilo tulilokuwa na uwezo wa kulitaja.

Kisha wakasema. Nilikuwa nimeketi kitandani na soksi moja nilipoona. Gemu la pili lina tarehe, baada ya miezi mitano. Na jambo ambalo lilinifanya nisimame: mtu aliyecheza la kwanza ataweza kuvuka na mtu wake. Mwanamke wetu mfupi mwenye kovu angeingia kule mlimani na kila alichofanya kikakumbukwa. Waliuongezea mchezo wa zamani kitufe cha kuikagua sevu, uone kama inafaa kusafiri. Nikakibonyeza pale pale. Maandishi mekundu yakatokea: sevu hii ina vitu vya kigeni, haiwezi kuvuka.

Vitu vya kigeni ni modi. Wachezaji wenzangu mtandaoni walikuwa wameshaanza kulia na kufundishana. Unatoa modi moja moja, unafungua sevu, unahifadhi upya, unakagua tena. Kilichotolewa hakirudi kwenye sevu hiyo. Nilitoa mvua. Nilivua farasi nguo, nikamnyoa mfalme ndevu. Kila nikikagua, wekundu ule ule. Mpaka nikabaki na modi moja, ile ya bibi.

Sikumtoa siku hiyo. Nilimrekodia mwenzangu ujumbe mrefu, nikamweleza yote, nikamwambia uamuzi ni wake kwa kuwa bibi ni wake. Jibu lilikuja kesho yake mchana, likaniamsha.

"Mtoe tu, mdogo wangu. Bibi mwenyewe kachoka kukaa mlangoni. Kwenye la pili nitakutengenezea mwingine, kijana kidogo, mwenye meno." Akacheka. "Usije ukamwacha mwanamke wetu nyuma kwa ajili ya kizee."

Ujumbe ule ulikuwa na vituo. Aliongea maneno matatu, akavuta pumzi, maneno mawili, akavuta tena. Niliusikia mara nne. Nilivisikia vile vituo kila mara, nikajitia hamnazo, kwa sababu alikuwa ameniambia nilichotaka kuambiwa.

Nikamtoa bibi. Na mimi nikianza kusafisha siachi katikati. Kompyuta ilikuwa ndogo na la pili lilitangazwa kuwa kubwa ajabu, kwa hiyo siku hiyo hiyo nikafuta mafaili ya modi zote, pamoja na lake, nikafuta sevu zote za zamani, nikabakiza moja safi, kisha nikamwaga na pipa la taka la kompyuta ili nafasi ipatikane. Hata ile harusi ya Wafilipino niliifuta. Nikakagua. Maandishi ya kijani: sevu hii iko tayari kusafiri. Nikapiga picha ya kioo nikamtumia. Akanirudishia kidole gumba.

Hilo ndilo kosa langu, na silipaki rangi. Ningeweza kulihamishia faili lile kwenye simu kwa dakika moja, lilikuwa jepesi kuliko picha. Halikunijia akilini kwa sababu akili yangu yote ilikuwa imeshapanda mlima wa gemu la pili.

Miezi miwili baadaye watengenezaji wakaomba radhi. Gemu linahitaji muda zaidi, tarehe imesogezwa, mpya haijulikani. Nilitukana kwa lugha tatu, nikamtumia mwenzangu ujumbe wa hasira. Hakuujibu siku hiyo wala iliyofuata. Wiki ilipopita, nikiwa nashuka basi kwenye kona ya msikiti, simu ikaleta sauti nisiyoijua, ya mwanamke mwenye lafudhi kama ya mwenzangu. Alisema yeye ni dada mkubwa wa mgonjwa, na kwamba mgonjwa ametutoka tangu Alhamisi, wameshamzika. Aliomba samahani kwa kuchelewa kunijulisha. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na begi langu mpaka mwenye duka la chai akatoka kuniuliza kama naumwa.

Sikulia vizuri. Kwenye chumba cha watu wanne mtu halii vizuri. Niliingia, nikakuta shuka la yule dada wa Kiganda limetundikwa msumarini, nikatandika langu, nikafungua kompyuta bila kufikiri. Mwanamke wetu alikuwa amesimama mbele ya mlango. Kiti kilikuwepo, kwa sababu kiti ni cha gemu lenyewe. Nilikisogelea nikabonyeza, nikisubiri neno. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Baada ya arobaini yake dada mkubwa akanitafuta tena. Alikuwa anapanga vitu vya marehemu, akakuta daftari lenye jalada la plastiki, limeandikwa juu kwamba ni la mwenzangu wa Dubai. Hakuelewa ni la nini. Lina mistari ya maneno ya kizee, akasema, umekula, umefika, mguu vipi, na kila mstari umewekwa alama ya vema. Aliuliza kama nalitaka. Nikamwomba alipige picha ukurasa kwa ukurasa.

Picha zilifika saa nne asubuhi, nikazisoma nimejilaza kitandani. Maneno mengine niliyakumbuka. Mengi sikuyakumbuka, na haikuwa kwa sababu nimesahau. Sikuwa nimeyasoma kamwe. Yalikuwa yamepachikwa, yana alama ya vema, bibi aliniambia usoni na mimi nikabonyeza kitufe. Mstari mmoja ulisema: leo ni siku niliyozaliwa, usimwambie mtu. Mwingine: jana nilikuona umelala umekunja ngumi. Mwingine: mimi nikikaa hapa naona kama nipo kwetu, na wewe?

Nilizipekua polepole, jambo ambalo si kawaida yangu. Ukurasa wa mwisho uliandikwa kwa mkono uliochoka, herufi zinapanda na kushuka, na nikajua ni wa siku ile ya ndoo na vidole vilivyogonga huku nikisinzia. Juu alikuwa ameandika maelezo yake mwenyewe: haya ayasikie akishamaliza kazi ya mfalme tu, kabla ya hapo asiyaone. Chini yake maneno ya bibi, na alama ya vema pembeni.

"Umemaliza? Hongera, mwanangu. Sasa kaa na mimi kidogo. Huko kwenye la pili usiende mbio."

Niliinuka nikafungua kompyuta. Nikamtoa mwanamke wetu nyumbani, nikamvusha mabwawa, nikamfikisha kwa mfalme, na kazi tuliyoibakisha miaka yote ile nikaimaliza peke yangu kabla ya adhuhuri. Mfalme alipoanza kuongea sikugusa kitufe. Aliongea muda mrefu, na hakuwa na la maana. Kisha nikamrudisha mwanamke wetu daraja kwa daraja, kwa miguu, sikukimbia, hadi kwenye kile kijumba. Nikamkalisha kwenye kiti cha mlangoni. Nikayasoma maneno ya daftari kwa sauti ndogo, kwa lafudhi yangu ya Kitale ambayo angenicheka nayo, na nikakaa. Chini ya kioo maandishi ya kijani yalikuwa bado yanawaka, yakiniambia kwamba sevu yangu ni safi na iko tayari kusafiri.